Wasia kwa Asiyeitika: Malezi ya Huruma, Usonji na Mipaka ya Fasihi ya Mawaidha

Utangulizi

Katika sehemu kubwa ya fasihi ya Kiswahili mzazi ni msemaji na mtoto ni msikilizaji. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye Mwana Hashima utendi wake maarufu mwaka 1858, alianza kwa kumwita asogee karibu naye akiwa na wino na karatasi. Yanayofuata ni maneno ya mama na utii wa binti. Katika karne iliyofuata Shaaban Robert aliwatungia wanawe tenzi mbili za namna hiyohiyo, Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume. Methali zetu nazo hazikubaki nyuma. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Samaki mkunje angali mbichi. Zote zinachukulia kwamba maneno ya mzazi yana njia ya kupita, na kwamba mwishoni mwa njia hiyo yupo mtoto anayeyapokea.

Makala haya yanadhamiria kuuliza swali ambalo uhakiki wetu haujalipa uzito unaostahili: fasihi hii ya mawaidha ina nafasi gani kwa mtoto ambaye huitwa asiitike? Tunakusudia hasa mtoto mwenye usonji. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kudumu maishani. Huathiri mawasiliano, mahusiano na namna mtu anavyozipokea sauti, mwanga na mguso. Wapo wenye usonji wasiosema kabisa, na wapo wasemao kwa ufasaha mkubwa. Miongoni mwa dalili zake za mapema ni mtoto kutogeuka anapoitwa kwa jina lake. Sayansi ya leo inakubaliana kwamba usonji hausababishwi na malezi mabaya.

Ili kulijibu swali hili tutaisoma upya riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea (2012), tukiilinganisha na Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974). Ni lazima tuseme mapema kwamba Walibora hautaji usonji, na hatudai kuwa watoto wa Mwalimu Majisifu katika riwaya hiyo wana hali hiyo. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, miongoni mwa riwaya za Kiswahili zilizosomwa na wengi nchini Kenya, ni hii inayomweka mzazi msomi mbele ya watoto wenye ulemavu na kuupima ubinadamu wake kwa namna anavyowatunza. Pili, riwaya hii ilitahiniwa katika mtihani wa KCSE kuanzia mwaka 2013 hadi 2017. Vijana wa shule za upili zinazoizunguka Wamagana, kama wenzao kote nchini, waliisoma wakiwa na umri ambao mtu huanza kujiuliza atakuwa mzazi wa namna gani. Yale waliyofundishwa kuhusu watoto wa Majisifu hayakuishia katika chumba cha mtihani.

Wasia na masharti yake

Tungo za wasia zina masharti matatu ambayo kwa kawaida hatuyaoni kwa kuwa tumeyazoea. Sharti la kwanza ni mwito: mzazi huita na mtoto husogea. Sharti la pili ni usikivu: mtoto hutulia, huelewa na hukubali. Sharti la tatu ni urithi: mzazi atakufa, na maneno yake yatamwongoza mtoto akiwa peke yake duniani. Mwana Kupona alitunga akiwa mgonjwa, na nguvu ya utendi wake inatokana kwa sehemu kubwa na ujuzi huo kwamba muda wake ni mfupi. Wasia ni njia ya mzazi kuendelea kulea baada ya kifo.

Mtoto mwenye usonji huyatikisa masharti yote matatu. Mwito wa mzazi unaweza usijibiwe. Utulivu unaotarajiwa unaweza usipatikane, kwa kuwa mwili wa mtoto huyo hutulia kwa kujongea: kupunga mikono, kuyumba mbele na nyuma, kuzunguka. Ama sharti la tatu, hili ndilo linalowaumiza wazazi kuliko mengine. Mzazi wa mtoto asiyeweza kujitegemea huhofia kufa kwa sababu ambayo Mwana Kupona hakuwa nayo. Yeye alimwachia bintiye maneno. Mzazi huyu anajua kwamba maneno peke yake hayatamlisha mwanawe wala kumvusha barabara.

Haifai kuhitimisha haraka kwamba tungo za wasia hazina maana kwa wazazi wa namna hii. Tunachodai ni kwamba tungo hizo zimetujengea picha moja ya malezi mema, nayo ni ya ulimi wa mzazi. Picha hiyo ikichukuliwa kuwa ndiyo pekee, mzazi ambaye maneno yake hayapokelewi atajiona ameshindwa, na mtoto asiyeyapokea ataonekana mkaidi. Ndipo methali ya mchelea mwana kulia hulia yeye inapogeuka kuwa hati ya kiboko. Fimbo ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini methali haipigwi marufuku kwa tangazo la serikali. Mtoto anayelia kwa sababu mlio wa kinu cha kusaga mahindi unamuumiza masikio, au kwa sababu sweta ya shule inamwasha kama upupu, hukutana na mtu mzima aliyefundishwa kuwa kila kilio ni deko. Malezi ya huruma, kwa maana tunayoitumia hapa, huanza pale mzazi anapokiuliza kilio kinasema nini kabla ya kukinyamazisha.

Jina la babu

Swali hili lina sura yake katika nchi ya Nyeri. Kwa desturi ya Wagikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Mabinti nao hufuata mpango huohuo kwa majina ya nyanya zao. Jina si lebo tu. Baba aliyempa mwanawe jina la mzazi wake huweza kumwita mtoto huyo baba, na babu akiwa hai humwona mjukuu wake kama mtu aliyekuja kumrudisha duniani. Kwa hiyo mtoto wa Wamagana asiyegeuka anapoitwa anakuwa amelinyamazia jina la ukoo mzima. Mhakiki atakayetaka kuelewa kwa nini familia nyingine humficha mtoto wa namna hii hana budi kuzingatia uzito wa jina hilo, kwani aibu haitokani na ukatili tu. Pengine hutokana na heshima iliyokosa pa kwenda.

Hata hivyo, desturi hiyohiyo inatoa picha nyingine ya malezi isiyotegemea jibu la mtoto. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wagikuyu, anaeleza kwamba elimu ya mtoto huanza kwa nyimbo za kubembeleza ambazo ndani yake mna habari za jamaa na ukoo. Mwimbaji hamdai mtoto mchanga ajibu. Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, katika Tetu hiyohiyo ilimo Wamagana, anasimulia katika tawasifu yake ya mwaka 2006 jinsi wanawake walivyomletea mzazi vyakula vya shambani mwao: ndizi mbichi, viazi vitamu, miwa. Mama alikula, na mtoto akaonjeshwa majimaji ya vyakula hivyo kabla ya kunyonya. Mtoto aliingizwa katika jamii na katika ardhi yake kwa mdomo na kwa mikono ya wanawake wengi, kabla hajatamka lolote na bila kuahidi kwamba atakuja kutamka.

Tunayataja haya kwa sababu huwa tunadhani kwamba huruma kwa mtoto mwenye usonji ni fundisho la kigeni lililoletwa na madaktari. Sivyo. Jamii zetu zilikuwa na malezi ya namna mbili, ya ulimi na ya mkono. Fasihi andishi ya Kiswahili ilirithi kwa wingi ile ya ulimi, kwa kuwa ndiyo inayoandikika kwa urahisi. Ile ya mkono ilibaki jikoni na shambani, na waliokuwa wakiitenda, wengi wao wanawake, hawakupewa nafasi kubwa katika maandishi.

Mtoto kama ishara ya dhambi

Tatizo la pili ni la kiuhakiki. Fasihi inapomleta mtoto mwenye ulemavu, mara nyingi humleta kama ishara. Mfano ulio wazi ni Kichwamaji. Kezilahabi anamaliza riwaya yake kwa mtoto anayezaliwa na kichwa kikubwa kutokana na maradhi yaliyoletwa na mwenendo wa wazazi, na Kazimoto, msimulizi, anajiua. Kama ishara, mtoto huyo ana nguvu ya kutisha: ndani yake msomaji anaona kizazi cha wasomi waliopoteza mwelekeo, elimu isiyozaa matunda, na maisha yasiyokuwa na maana ambayo mtunzi aliyachunguza kwa jicho la udhanaishi. Hakuna anayeweza kumnyima Kezilahabi ukuu wa usanii huo. Hata hivyo, ni haki pia kuuliza mtoto mwenyewe yuko wapi. Katika mantiki ya riwaya ile hana wajibu mwingine ila kuwa ushahidi wa kosa la wakubwa. Hakuna anayemlea, na mtunzi hamtaki msomaji atamani alelewe.

Tabia hii ya kumsoma mtoto kama maandishi ya dhambi ya mzazi haikuwa ya watunzi peke yao. Ilikuwapo hata katika sayansi. Leo Kanner, daktari wa Baltimore nchini Marekani aliyewaeleza watoto 11 wenye hali hii mwaka 1943, aliona kuwa watoto hao walizaliwa nayo, lakini pia aliwataja wazazi wengi aliowaona kuwa hawana joto la upendo. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim aliieneza fikra kwamba ubaridi wa mama ndio unaomfanya mtoto ajifungie katika nafsi yake, ingawa Bernard Rimland alikuwa ameshaipinga mwaka 1964 kwa kusisitiza asili ya kibaiolojia. Rimland mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji. Nchini Uingereza, Lorna Wing, daktari na mama wa binti mwenye usonji, alikuwa miongoni mwa wazazi walioanzisha chama cha kitaifa mwaka 1962, na utafiti wake na Judith Gould wa mwaka 1979 ulipanua sana uelewa wa hali hii. Ni jambo la kutafakariwa kwamba fikra ya lawama ilivunjwa kwa sehemu kubwa na watu walioishi na watoto hao, wakawatazama kila siku, wakakataa kuwafanya ishara.

Kwetu, lawama ilivaa nguo nyingine. Mwaka 1978 Victor Lotter alichapisha matokeo ya uchunguzi alioufanya katika taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili katika miji tisa ya Afrika, Kenya ikiwamo. Kati ya watoto zaidi ya 1,300 aliowaangalia, waliotambuliwa kuwa na usonji walikuwa wachache mno. Lakini alitafuta katika taasisi, na mtoto aliyekuwa kijijini kwao hangeweza kuonekana huko. Joseph Gona na wenzake, waliowahoji wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015, walikuta maelezo ya majini, uchawi na laana yakiishi pamoja na maelezo ya maradhi, matatizo ya uzazi na urithi wa damu. Bettelheim na mpiga ramli hawakujuana, lakini wote wawili wanamwambia mama jambo moja: mtoto wako ni jibu la ulichokitenda.

Hapa ndipo penye hatari kwa sisi tunaofundisha fasihi. Katika insha za wanafunzi waliojiunga nasi katika miaka iliyofuata 2013, mwandishi wa makala haya alikutana tena na tena na hoja kwamba watoto wa Majisifu ni adhabu ya wizi wake, au ni ishara ya kuoza kwa ukoo wa watawala wa Sokomoko. Hoja hiyo hupewa alama kwa kuwa ina sura ya uchambuzi. Lakini mwanafunzi huyo akirudi nyumbani akamkuta jirani mwenye mtoto asiyesema, atakuwa amefundishwa na chuo kikuu kile alichokuwa akikijua mpiga ramli.

Majisifu na Imani

Tuitazame sasa riwaya yenyewe. Mwalimu Majisifu ni mtu wa maneno. Ni mwalimu, ni mwandishi mwenye sifa, na ni nduguye Mtemi Nasaba Bora, dhalimu wa Sokomoko. Riwaya inafichua kwamba sifa zake za uandishi zinasimama juu ya mswada aliomwibia kijana Amani. Nyumbani mwake, pamoja na mkewe Dora, ana watoto wenye ulemavu anaowaonea haya, na hukimbilia ulevi. Dora anabaki na uchungu na lawama. Imani, msichana yatima aliyefika Sokomoko pamoja na Amani, anaajiriwa katika nyumba hiyo, naye ndiye anayewatunza watoto hao kwa upendo ambao wazazi wao walishindwa kuutoa.

Wahakiki wengi wameutazama wizi wa mswada kama kiini cha kuanguka kwa Majisifu, na ulemavu wa watoto kama jambo la pembeni. Tunapendekeza mambo haya mawili yasomwe pamoja. Majisifu ni mzazi wa tungo za wasia aliyepotoka. Thamani yake yote ameiweka katika neno linalosifiwa. Mswada ulioibwa unamletea neno na sifa kwa pamoja, japo si lake. Watoto wake hawamletei sifa yoyote, nao hawawezi kuwa hadhira ya ufasaha wake. Wao ni wake kweli, lakini anawakana. Mswada si wake, lakini anaukumbatia. Hapo Walibora amefanya uchunguzi wa kina kuliko ule tunaoukuta katika miongozo: mtu anayemthamini mtoto kwa kadiri ya heshima anayoletewa naye ana maradhi yaleyale ya mtu anayeiba jasho la mwenziwe ili aheshimiwe. Kwa usomaji huu watoto hawawi adhabu ya wizi. Wizi na aibu ni matawi ya mzizi mmoja, na mzizi huo umo ndani ya Majisifu. Watoto hawana dhambi yoyote katika hesabu hiyo.

Imani, kwa upande wake, hahutubu. Anaosha, analisha, anakaa nao. Malezi yake ni ya mkono, yaleyale ambayo fasihi ya mawaidha haikuyapa lugha. Ni muhimu pia kwamba yeye ni mtu aliyenyang'anywa: hana wazazi, hana mali, na yuko katika nyumba ya ukoo uliowadhulumu wengi. Walibora anaonekana kusema kwamba huruma haihitaji utulivu wa maisha ndipo itokee. Tena haikomei kwa aliyehurumiwa, kwa sababu mfano wa Imani unawalazimisha wazazi wenyewe kuwatazama watoto wao upya. Kwa uchambuzi huu, Imani ndiye mzazi mwema wa riwaya ingawa hakuzaa.

Kasoro za usawiri

Pamoja na sifa hizo, usawiri wa Walibora una kasoro mbili zinazohusu moja kwa moja suala tunalolijadili. Kasoro ya kwanza ni kwamba watoto wenyewe hawana nafsi za kutosha. Tunajua wanavyowatia wengine haya au upendo. Hatujui wanapenda nini, wanaogopa nini, kila mmoja anatofautianaje na mwenzake. Wamekuwa kipimo cha maadili ya watu wazima. Hicho ni kipimo cha huruma kuliko kile cha Kezilahabi, lakini bado ni kipimo. Mzazi yeyote wa mtoto mwenye usonji angemwambia mtunzi kwamba kazi yote iko katika mambo madogo: mmoja hali chakula kilichogusana na kingine katika sahani, mwingine hutulia akipewa kamba ya kuchezea vidoleni, mwingine hukasirika njia ya kwenda dukani ikibadilishwa. Huruma isiyoyajua mambo haya hubaki kuwa hisia tu. Riwaya ya Kiswahili, ambayo imepata mafanikio makubwa katika kuchora wahusika wa kisiasa, bado inadaiwa mhusika wa namna hii aliyechorwa kwa ukaribu.

Kasoro ya pili ni kwamba Imani hachoki. Wema wake umekamilika kiasi kwamba msomaji hauoni ukimgharimu. Jambo hili si dogo. Katika maisha ya kawaida ya Wamagana, Othaya au Karatina, kazi ya kumtunza mtoto wa namna hii huangukia mama, nyanya au msichana wa kazi asiyelipwa vya kutosha, na mara nyingi baba huwa kama Majisifu: yupo, na hayupo. Fasihi inapomchora mlezi asiyechoka, inampa msomaji ruhusa ya kutomsaidia. Mlezi aliyechoka, anayelia usiku na kuamka asubuhi akimtafutia mtoto kikombe chake kilekile cha kila siku, angekuwa mfano wa kweli zaidi wa huruma, na angemwacha msomaji akiwa na deni.

Huenda tukaambiwa kwamba tunaitaka riwaya iwe kitabu cha mwongozo wa wazazi, na kwamba ishara ni haki ya msanii tangu fasihi ilipoanza. Pingamizi hili lina uzito. Hatutaki ishara zifutwe; bila ishara hakuna Kichwamaji. Tunachotaka ni kwamba mhakiki asiishie katika ishara. Kila mhusika hufanya kazi mbili, ya kuwa mtu na ya kuwa maana. Pale mtunzi anapompunguzia mhusika utu ili maana ionekane vizuri, ni wajibu wa uhakiki kusema hivyo, kama tulivyozoea kusema kuhusu usawiri wa wanawake. Uhakiki wa kifeministi ulitufundisha kumuuliza mtunzi mwanamke wake anatamani nini. Wakati umefika wa kuuliza swali hilohilo kuhusu mtoto asiyesema.

Lugha yenyewe inaanza kututangulia. Kiswahili cha zamani kiliwataja watu hawa kwa majina ya ngeli ya KI-VI: kilema, kiziwi, kipofu, kiwete. Matumizi ya leo yanapendelea mtu mwenye ulemavu, mtoto mwenye usonji. Badiliko hili si adabu ya maneno tu. Neno mwenye linamweka mtu kwanza na kuiacha hali iwe mojawapo ya mambo aliyo nayo. Hivyo ndivyo tunavyotaka mhusika achorwe.

Kuelekea wasia wa namna nyingine

Je, tungo za wasia zinaweza kuokolewa? Tunaamini zinaweza, kwa kubadilisha mwelekeo wake kwa namna mbili.

Kwanza, mtoto naye awe msemaji. Mwaka 1993 Jim Sinclair, Mmarekani mwenye usonji, aliandika insha iliyoelekezwa kwa wazazi akiwasihi wasiwaombolezee watoto wao. Anakubali kwamba huzuni ya mzazi ni ya kweli, lakini anaeleza kuwa ni huzuni ya mtoto waliyemtarajia, ambaye hakuzaliwa. Aliyezaliwa yupo hai mbele yao na anawahitaji. Kwa msomaji wa Kiswahili insha hiyo ni wasia uliogeuzwa: mtoto anamwita mzazi asogee na asikilize. Wapo pia watoto ambao hawataandika insha wala kutamka neno. Wao huzungumza kwa picha, kwa kuuvuta mkono wa mama kuelekea mtungini, kwa kuziba masikio. Mzazi wa huruma ni msomaji wa ishara hizo. Ufundi wake haupishani sana na ufundi tunaoudai kwa mhakiki mzuri: kutazama kwa muda mrefu, kutojitia kujua mapema, na kukubali kusahihishwa na kile anachokisoma.

Pili, mzazi abadilishe hadhira. Kama mtoto hawezi kuubeba wasia, basi waubebe walio karibu naye. Hili limeshaanza kutendeka nje ya vitabu. Wazazi ndio walioanzisha Chama cha Usonji cha Kenya mwaka 2003, na mwaka huohuo kitengo cha watoto hao kikafunguliwa katika shule ya City Primary, Nairobi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kutendewa kwa heshima na kupata elimu. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 2 Aprili, kwa azimio la Desemba 2007, kuwa siku ya dunia ya kuelimishana kuhusu usonji. Haya yote, yakitazamwa kwa jicho la fasihi, ni wasia wa wazazi kwa jamii: sisi tutaondoka, na huyu atabaki mikononi mwenu. Utenzi wa namna hiyo, ambao mzazi anawaita majirani, shangazi, mwalimu na kondakta wa matatu wasogee karibu na wino na karatasi, ni utungo unaostahili kuandikwa, na mtunzi wake atakuwa na haki ya kujiita mrithi wa Mwana Kupona.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba fasihi ya mawaidha imeyajenga malezi juu ya ulimi wa mzazi na sikio la mtoto, na kwamba mtoto mwenye usonji anatulazimisha kuona ufinyu wa msingi huo. Tumedai pia kwamba kumsoma mtoto mwenye ulemavu kama ishara ya dhambi ni tabia inayowaunganisha watunzi, wanasayansi wa zamani na wapiga ramli, na kwamba Kidagaa Kimemwozea ikisomwa kwa makini inaivunja tabia hiyo hata kama haikufika mbali vya kutosha. Majisifu anashindwa kwa sababu anataka mtoto ampe sifa. Imani anafaulu kwa sababu hataki kitu kutoka kwao.

Kwa walimu wa fasihi pendekezo letu ni dogo na linaweza kutekelezwa muhula ujao. Swali la ulemavu katika fasihi lisiulizwe tena kwa kumtaka mwanafunzi aeleze watoto hao wanaashiria nini, kabla hajaulizwa nani anawalea, kwa gharama gani, na wao wenyewe wanajulikana kwa kiasi gani. Methali zetu nazo zifundishwe kwa jozi. Anayefundishwa kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo afundishwe pia kwamba hujafa hujaumbika, na kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hii ya mwisho inafaa kuwekwa mbele ya zote, kwa kuwa inautaja mkono, na inatukumbusha kwamba hautoshi ukiwa mmoja.